Nguchiro na Mwizi Aliyejiita Upepo

Hapo zamani za kale, na msidhani zamani sana, maana kompyuta zilikwishakuwapo, wanyama walijenga mji wao wakauita Mbigiri. Walikuwa na nyumba, na majiko, na majirani wa kugombana nao, kama sisi tu. Sogeeni, wajukuu zangu. Na wewe mwenye muhindi, acha kutafuna kidogo, maana hadithi ya leo si ya kuchekea sana.

Mwaka huo mvua ilikata. Jua liliwaka hadi mawe yakapasuka, ta! ta! ta! Kila nyumba ya Mbigiri ilikuwa na tangi lake la maji, na bomba la tangi halikufunguliwa kwa mkono. Lilifunguliwa kwa kompyuta. Unakaa mbele ya kompyuta yako, unaandika neno lako la siri, na mashine kubwa iliyokaa kilimani inasikia na kufungua. Chwaa! Maji hayo. Ukikosea neno, hata ulie machozi hupati tone.

Basi siku moja, saa saba mchana, watu wamejilaza kwa joto, Swala akasikia tangi lake linakoroma. Ng'oo! ng'oo! ng'oo! Akatoka mbio. Tupu! Bomba limefunguliwa lenyewe, maji yote yameteremka mferejini. Akarudi ndani, akakuta kioo cha kompyuta kimeandikwa: "Upepo umepita. Msinitafute."

"Upepo? Upepo ndiye nani?" akalia Swala.

Hakuna aliyemjua. Lakini wajuao mambo ya mashine wana jina la mtu wa namna hiyo. Humwita mdukuzi. Ni mwizi aingiaye kwako bila kuvunja kufuli, akaondoka na chako, na wewe umekaa palepale mlangoni unajipepea.

Kesho yake akapita kwa Ngiri. Keshokutwa kwa Punda Milia. Kila siku saa saba, nyumba moja. Wiki tatu hazijaisha, nyumba ishirini zimekauka. Watoto wa Swala wakawa wanaamka alfajiri kulamba umande kwenye majani, na mtoto wa Punda Milia akaanguka njiani, puu! asiweze kusimama tena siku mbili.

Mji ulikuwa na wakubwa watatu: Tembo, Nyati na Kiboko. Wao walikaa bondeni, kila mmoja nyuma ya ua wake mrefu. Walipoona watu wameanza kunong'ona, wakamkamata Kakakuona.

Kakakuona alikuwa mlinzi wa ile mashine ya kilimani. Kapera, mpole, mtu wa maneno mawili kwa siku. Walimfunga kamba, akajikunja akawa kama nazi.

"Mbona nyumba yako haikuibiwa?" akanguruma Nyati.

"Sijui, mzee," akasema Kakakuona kutoka ndani ya magamba yake.

"Hajui! Mnasikia? Hajui! Apelekwe Nyika ya Chumvi!"

Nyika ya Chumvi haina mti, haina kisima, na aliyepelekwa huko hajapata kurudi. Kila mtu alijua kwamba hiyo ni hukumu ya kifo, ila imevikwa kanzu.

Ndipo Nguchiro alipopenya katikati ya miguu ya watu, akasimama mbele. Alikuwa mdogo, mwenye macho mekundu yasiyopepesa. Kazi yake ilikuwa kulinda mashine za watu dhidi ya wadukuzi, kama babu zake walivyokuwa wakiwinda nyoka. Na Kakakuona alikuwa rafiki yake. Siku aliyohamia Mbigiri, mgeni, peke yake, Kakakuona ndiye aliyemletea ndoo ya kwanza ya maji, akaiweka mlangoni, akaondoka bila kuuliza swali.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," akajibu Tembo.

"Huyu si mwizi. Hata kwangu mimi hakukuibiwa."

"Ebo!" akafoka Nyati. "Basi na wewe tutakutazama!"

"Nitazameni. Lakini nipeni nafasi nimtafute Upepo."

Tembo akatikisa masikio, pwa! pwa! "Leo Jumanne. Ijumaa alasiri baraza litakaa. Ukimleta Upepo, Kakakuona atafunguliwa. Usipomleta, atakwenda Nyika ya Chumvi jioni hiyohiyo."

"Mpe, mpe nafasi," akasema Kiboko kwa sauti yake nene yenye asali. "Binti yetu ana uchungu wa rafiki."

Huyo Kiboko, wajukuu zangu, alipendwa Mbigiri yote. Kila asubuhi alipanda kutoka bondeni kabla jua halijawa kali, akapita mtaa kwa mtaa akisalimia, na hakumruka mtu. "Habari za asubuhi, Mama Msimu? Baba Kitwana, mgongo unaendeleaje? Mama Hidaya, Hidaya ameota jino jipya?" Watu wakasema, "Mkubwa asiye na makuu ndiye yule."

Maana Mbigiri ilikuwa na desturi hii tuliyo nayo sisi. Mtu akishazaa, jina lake linawekwa kando, anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Swala alikuwa Mama Msimu. Ngiri alikuwa Baba Kitwana. Punda Milia alikuwa Mama Hidaya. Nguchiro peke yake, kati ya mama wote, aliitwa Fundi.

Si kwamba hakuzaa. Alizaa, huko ng'ambo alikotoka. Siku ya saba alimpa mtoto jina, na siku ya tisa akamzika. Watu wa Mbigiri walisikia kwamba alifiwa, wakaona vibaya kuuliza jina, na yeye hakulitaja. Likakaa ndani yake miaka yote hiyo.

Basi Nguchiro akapanda kilimani kwenye mashine. Akakaa, akabonyeza. Tik, tik, tik. Mashine ile ilikumbuka kila neno la siri lililoandikwa na saa lilipoandikwa. Ila haikujua ni nani aliyeandika, wala ameketi kwa kompyuta ya nani. Ilijua neno, haikujua kidole.

Akasoma, akasoma. Akakunja uso.

"Ajabu," akajisemea. "Mwizi wa kubahatisha hukosea kwanza. Atajaribu hili, atajaribu lile. Huyu nyumba ishirini, na hakukosea hata mara moja!"

Akateremka hadi kwa Swala.

"Mama Msimu, siku ile ya wizi, neno lako la siri lilikuwa lipi?"

"Fundi! Hilo ni siri!"

"Limekwishaibiwa, mama. Siri ya nani tena?"

Swala akatazama huku na huku, akamwinamia sikioni. "Msimu."

Akaenda kwa Ngiri. Ngiri akajikuna, akaona haya. "Kitwana."

Akaenda kwa Punda Milia. "Hidaya. Jina la mwanangu, Fundi. Sasa nitasahau jina la mwanangu?"

Nguchiro akakaa kwenye ngazi ya Punda Milia, kichwa mikononi. Barabarani watu walikuwa wakipishana.

"Mama Msimu, umeshindaje?"

"Salama, Baba Kitwana!"

"Mama Hidaya, hujambo?"

Nguchiro akainuka, chapu! "Lahaula! Mji mzima tunapiga kelele siri zetu tangu alfajiri hadi magharibi! Upepo hakuvunja kitu. Alisikiliza salamu!"

Na hapo akaelewa kwa nini nyumba mbili za mtaani zilisalimika. Moja ya kapera asiye na mtoto. Nyingine ya mama ambaye jina la mtoto wake hakuna aliyelijua. Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamgeukia kilio, akajifuta haraka Punda Milia asimwone.

Jumatano asubuhi akafuata mfereji. Akashuka nao, akashuka, hadi bondeni. Hapo mfereji uliingia katika bomba kuukuu lililozikwa, na bomba likapita chini ya nyua zote tatu za wakubwa. Lilifunguka ndani ya ua upi? Hakuweza kujua. Ua wa mkubwa haurukwi Mbigiri. Anayeruka hukatwa mkia.

"Ni mmoja wa watatu hawa," akanong'ona. "Na hao watatu ndio mahakimu."

Angemshitaki nani kwa nani? Akafikiri. Akaona njia moja tu. Tangi lake yeye lilikuwa bado limejaa. Kama mwizi hupita kwa jina la mtoto, basi apewe jina la mtoto, aje.

Akapiga hodi kwa Tembo, akakaribishwa.

"Mzee, nina jambo. Miaka yote naitwa Fundi. Nimechoka. Nataka mtu mmoja mkubwa aniite kwa jina la mwanangu, ila iwe tukiwa wawili tu. Kidonda bado kibichi. Niahidi hutamwambia mtu."

"Naahidi," akasema Tembo. "Aliitwa nani?"

Nguchiro akafungua mdomo alitaje lile jina. Halikutoka. Macho yakajaa. Alilibeba jina lile kama yai, na sasa alifanye chambo cha mwizi? Hakuweza. Ulimi ukajisemea wenyewe.

"Majaliwa."

Tembo akashusha mkonga. Machozi yakamdondoka, tone zito, to! "Pole, Mama Majaliwa. Mimi pia nilizika mmoja, mwaka wa nzige. Mungu atatukutanisha nao."

Nguchiro akatoka pale anajichukia. Amemdanganya mzee kuhusu marehemu, na mzee kamlilia! Akakaa kando ya ua, akavuta kamasi. Lakini akili ya mwindaji haikai bure. Akajiambia, "Kumbe majina yakitofautiana, mwizi atajitaja mwenyewe! Nimekwishasema uongo mmoja. Niseme majina matatu, kila mmoja na lake."

Akaenda kwa Nyati, akamweleza vilevile.

"Faraji," akasema.

Nyati akamtazama kwa jicho kavu. "Aha. Faraji. Umemaliza? Nina kazi." Akampa mgongo.

Akaenda kwa Kiboko. Kiboko akampokea nje ya lango lake, akaishika mikono yake midogo kwa mikono yake minene.

"Aliitwa Mkiwa," akasema Nguchiro.

"Mkiwa! Jina zuri lililoje! Pole, Mama Mkiwa. Pole, mama, pole. Kuanzia leo hulii peke yako. Nitamkumbuka Mkiwa kama mjukuu wangu mwenyewe."

Na Nguchiro, ingawa alijua hakuna Mkiwa, moyo ulimlegea. Miaka yote hakuna aliyemwambia maneno kama hayo. Akaomba Mungu mwizi awe Nyati.

Wote watatu aliwaambia pia, kama kwa bahati tu, kwamba tangi lake limejaa hadi shingoni. Kisha akarudi kilimani, akaamuru mashine: ukiandikiwa Majaliwa, au Faraji, au Mkiwa, fungua bomba la nyumba yangu, na uandike lilikuwa jina lipi.

Jumatano saa saba akangoja. Kimya. Alhamisi saa saba akangoja, jicho kavu, kioo kikimtazama na yeye akikitazama. Kimya! Alhamisi ile Upepo hakupita kwa mtu yeyote.

Jioni akaenda kwenye chumba alichofungiwa Kakakuona, Ngiri akiwa mlangoni kwa zamu. Akasema kupitia ufa wa ukuta, "Ndugu yangu, bado."

"Usijiumize," Kakakuona akajibu. "Nikienda, mashine ile ipanguswe vumbi kila Jumamosi." Hayo ndiyo maneno yake yote siku ile.

Ijumaa, saa saba na robo. Mji umelala kwa joto. Nguchiro amekaa mbele ya mashine, amekwishakata tamaa, anafikiria jinsi ya kumwomba Kakakuona radhi.

Tik.

Akaruka.

Tik, tik, tik, tik. Jina likajiandika herufi moja moja kiooni. Na kule chini nyumbani kwake, tangi likaanza kukoroma. Ng'oo! ng'oo! ng'oo! Tone la mwisho alilokuwa nalo duniani likaenda mferejini. Nguchiro hakulijali. Alikuwa analitazama lile jina, na roho inamuuma.

Alasiri baraza likajaa. Kakakuona akaletwa amefungwa. Wakubwa watatu wakakaa juu ya vigoda vyao.

"Haya, Fundi," akasema Tembo. "Upepo yuko wapi?"

"Amepita kwangu leo, mzee. Saa saba na robo. Tangi langu ni kavu."

Watu wakaguna. "Lo! Na Kakakuona alikuwa ndani!" "Nilikuwa namlinda mimi mwenyewe!" akapaza Ngiri.

"Ana mwenziwe!" akanguruma Nyati.

"Huenda, mzee. Lakini kabla ya yote nina ombi dogo. Mimi ni mfiwa, na watu hawajui hata jina la mwanangu. Leo nimechoka kulificha. Kuna mkubwa anayelijua. Namruhusu alitaje mbele ya wote, nipewe pole na mji wangu."

Tembo akasitasita, akiikumbuka ahadi yake. Nyati akatazama pembeni. Lakini Kiboko hajapata kuiona pole akaiacha impite. Akasimama, mkono kifuani.

"Jamani! Mimi ndiye niliyepewa siri hiyo nzito, mimi peke yangu. Mwanawe, malaika wa Mungu, aliitwa Mkiwa! Mpeni pole Mama Mkiwa!"

"Pole, Mama Mkiwa!" watu wakaitika kwa huzuni.

"Ala!" akasema Tembo polepole. "Mkiwa? Mimi aliniambia Majaliwa."

Nyati akageuka, puani pfff! "Majaliwa gani? Mimi aliniambia Faraji!"

Watu wakatazamana.

Nguchiro akaigeuza kompyuta aliyokuja nayo, akaiinua juu ya kichwa chake ili wote waone. "Majina matatu kwa watu watatu, na kila mmoja nilimwomba asimwambie mtu. Sasa someni. Leo, saa saba na robo, bomba langu lilifunguliwa kwa jina lipi?"

Swala akasogea, akasoma kwa sauti. "M... Mkiwa."

Kiboko akafungua kinywa, kikafunguka sana.

"Labda... labda nilimwambia mtu," akasema.

"Nani, mzee?"

"Mtu."

"Nani?"

Nyati hakungoja. Aliinuka, akatimka bondeni, gidigidi! gidigidi! na mji mzima nyuma yake. Alipofika kwenye ua wa Kiboko aliinamisha pembe. Paaa! Ua ukalala chini.

Wajukuu zangu, ndani palikuwa na bwawa. Maji hadi ukingoni, matete mabichi, mayungiyungi yamechanua. Na kwenye kivuli, juu ya kigoda, kompyuta. Mtoto wa Punda Milia akateleza mikononi mwa mama yake, akaingia majini na nguo zake, chubwi! Hakuna aliyemkataza.

Kiboko akafika nyuma akihema. Ngozi yake ilikuwa imepasuka kwa jua la njiani, mistari myekundu mgongoni.

"Mnaona ngozi yangu?" akalia. "Nisipolala majini inachanika! Mngetaka nife?"

"Ungesema," akasema Swala, na kwa mara ya kwanza hakumwita mzee. "Kila asubuhi ulifika mlangoni kwangu. Ungesema, tungekuchangia maji, kata kwa kata. Uliniuliza habari za Msimu wangu, kumbe unahakikisha kama jina ni lilelile!"

Kiboko akainamisha kichwa.

Kakakuona alifunguliwa kamba hapohapo. Nyati mwenyewe ndiye aliyemfungua, kwa meno, akaguna kitu kilichofanana na samahani. Kakakuona akanywa maji, akanywa tena, akakaa kando ya Nguchiro.

Tembo akamwendea Nguchiro. "Binti yangu, umetudanganya watatu kwa mara moja, na nimekusamehe. Lakini yupi kati ya hao ndiye mwanao? Tukuite kwa jina lake."

"Hakuna, mzee. Nilijaribu kulitaja kwako, likanishinda. Nisamehe machozi yako. Jina lile niachieni." Akalia sasa waziwazi, mbele ya wote, na mama wa Mbigiri wakamzunguka. Nalo jina hilo, hata mimi ninayewasimulia silijui.

Wazee walipokaa kumhukumu, Nyati alitaka Kiboko apelekwe kulekule alikotaka Kakakuona apelekwe. Kakakuona ndiye aliyekataa. "Huko asiende mtu," akasema. Basi Kiboko akavuliwa ukubwa, bwawa likawa la wote, naye akapewa kona moja ya kulala, kwa huruma tu. Na kila nyumba ilibadili neno lake la siri, na safari hii halikuwa jina la mtoto.

Asubuhi iliyofuata, Kiboko alipanda mtaani kama kawaida yake. "Habari za asubuhi?" akasema kwa sauti ndogo. Watu waliitika, "Salama," maana salamu hainyimwi mtu. Kila mmoja aliitika hivyo hivyo, kisha akaingia ndani, akarudishia mlango polepole.

Funzo lake, wajukuu zangu, ni moja: si kila akuitaye kwa jina la mwanao anampenda mwanao.